Lubumbashi hadi Dar es Salaam kwa treni: tiketi ipi inafaa mfuko wako

Mukuba (shaba) wa Katanga unaweza kutoka Lubumbashi na kufika bandari ya Dar es Salaam bila kuacha reli. Abiria hawezi. Njia yetu ya Sakania na Ndola, na ile ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) inayoanzia Kapiri Mposhi, Zambia, zina upana uleule wa milimita 1,067, kwa hiyo wagoni za mizigo zinapita. Mtu mwenye begi lake anashika barabara kwanza, anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anafika Kapiri Mposhi, na hapo ndipo treni yake inapoanzia. Kwa hiyo unanunua safari mbili: zaidi ya kilomita 300 za basi na taksi, kisha kilomita 1,860 za reli.

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya tiketi ya treni na ya basi, kisha kukimbilia iliyo ndogo. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni siku: siku moja ya kuchelewa ni milo mitatu, maji, na pengine kitanda cha gesti Kapiri. Treni ni rahisi kwa mtu ambaye siku moja zaidi haimvunjii kazi. Kwa mwenye miadi ya visa au ndege ya kuunga Dar, ni ghali hata wakimpa bure.

Kwanza: treni inatembea?

Usitoe hata franka moja kabla ya kujua hili. Mwaka 2025 TAZARA ilitiwa kwenye mkataba wa ukarabati wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina CCECC, na reli inayotengenezwa ni reli ambayo kipande chake kinaweza kufungwa wiki yoyote. Kuanzia Desemba hadi Aprili kuna mvua pia. Kipande cha Makambako hadi Mlimba, upande wa Tanzania, kinashuka mlima kwa mahandaki na madaraja mfululizo, na tuta likimomonyoka pale, treni zote zinangoja.

Ukipiga simu, au ukimtuma ndugu aliye Kitwe au Kapiri aulize, asiulize "treni iko?" Jibu litakuwa "iko". Aulize mambo matatu: iliyopita iliondoka siku gani, ilifika Dar siku gani, na ya wiki hii ni Mukuba au Kilimanjaro. Mukuba ndiyo ya haraka, inaruka vituo vidogo. Kilimanjaro ni ya kawaida, inasimama karibu kila penye watu. Ikiwa ile ya wiki iliyopita ilichelewa siku mbili, yako haitafanya muujiza. Kwenye karatasi safari ni kama siku mbili. Wewe panga tatu. Sasa njia zenyewe, kuanzia iliyo bora hadi iliyo mbaya.

Nafasi ya kwanza: daraja la pili la kulala, treni ya haraka

Kwa anayesafiri peke yake, hii ndiyo ya kununua. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande. Wanaume wanapangwa vyumba vyao na wanawake vyao. Unapata mahali pa kunyoosha mgongo usiku mbili au tatu, mlango unaofungwa, na majirani watano wanaojua begi lipi ni la nani. Tofauti ya bei kutoka kiti hadi kitanda si kubwa kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida hata daraja la kwanza halifiki mara mbili ya la tatu. Ndiyo maana kubana pesa kwenye kipengele hiki hakulipi.

Omba namba ya kitanda, usingoje kupewa. Kitanda cha juu ni cha mtu anayetaka usingizi na usalama: hakuna anayekuja kukikalia, na begi dogo linalala kichwani pako. Ubaya wake ni joto, hasa ukishafika bonde la Kilombero. Kitanda cha chini kina dirisha na hewa, lakini mchana ni benchi la chumba kizima, na saa ukitaka kulala utaona aibu kuwafukuza watu. Cha kati ndicho kibaya kuliko vyote, huwezi kukaa wima. Mzee au mama mwenye mtoto achukue cha chini bila kubishana.

Nafasi ya pili: daraja la kwanza, mkiwa wanne

Vitanda vinne, nafasi zaidi, matandiko. Kwa mtu mmoja ni raha ndogo kwa pesa ya ziada. Kwa familia ndiyo inayoshinda, kwa sababu ya ile sheria ya kutenganisha: mume na mke watalala pamoja tu wakinunua chumba kizima. Wazazi wawili na watoto wawili wanakijaza bila kulipia kitanda kitupu. Wafanyabiashara wanne wanaokwenda pamoja soko la Kariakoo, Dar, nao wafanye hivyo. Mlango unakuwa wenu, na pesa mliyobeba haina wageni wa kuitazama. Mume na mke wawili peke yao wapige hesabu vizuri, maana vitanda vinne kwa watu wawili vinaweza kupita bei ya safari nzima ya basi.

Nafasi ya tatu: treni hadi Mbeya, basi hadi Dar

Wengi hawaijui njia hii, nayo ni nzuri kwa asiyeamini ratiba. Mbeya iko upande wa Tanzania baada ya mpaka wa Nakonde na Tunduma, na kutoka pale hadi Dar mabasi ni mengi kila siku. Basi ni siku moja, kilomita 830 hivi. Nunua tiketi ya Kapiri hadi Mbeya tu. Treni ikifika kwa wakati na wewe unaona safari ni tamu, utauliza kama kitanda kipo cha kuendelea. Ikifika imechelewa saa ishirini, unashuka na kuokoa siku. Unachopoteza ni upande wa mashariki, pale reli inapopita kando ya iliyokuwa Selous (sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Nyerere tangu 2019), na twiga wanaonekana dirishani bila kulipia mwongozaji. Hiyo ni kama utapita mchana. Treni iliyochelewa inapita usiku, na giza halina twiga.

Nafasi ya nne: basi mwanzo hadi mwisho

Mwenye haraka achukue basi bila kujilaumu. Lakini ni usiku mbili za kukaa, magoti yakigusa kiti cha mbele.

Nafasi ya mwisho: kiti

Kiti kinafaa safari ya mchana mmoja. Kwa siku mbili ni mateso. Wagoni inajaa na kupungua kila kituo, mizigo inakaa njiani, na usiku huwezi kulala maana jicho moja liko kwenye begi. Unachookoa utakitumia kulipia gesti Dar ili ulale siku nzima.

Chini ya kiti, kwenye orodha hii, kuna jambo ambalo halistahili hata namba: kudandia treni ya mizigo, iwe upande wa Sakania, iwe upande wa kaskazini kuelekea Kamina. Machi 2022, pale Buyofwe katika teritware (wilaya) ya Lubudi, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke iliacha reli na wagoni zikatumbukia bondeni. Watu 75 walikufa, na walikuwa wamedandia.

Kufika Kapiri

Toka Lubumbashi alfajiri, siku moja kabla ya treni. Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Foleni ndefu unayoiona ni ya malori. Wewe unavuka kwa miguu. Unahitaji pasipoti na karti ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Habari ya visa ulizia kwenye konsula ya Zambia hapa Lubumbashi kabla ya kufunga begi, si kwenye dirisha la mpaka. Upande wa pili shika gari la Chingola, kisha Kitwe. Mabasi ya Kitwe kwenda Lusaka yanapita Kapiri Mposhi, na unamwambia kondakta mapema kwamba unashuka pale.

Hapa watu hupotea. Kapiri ina stesheni mbili: ya Zambia Railways mjini, na New Kapiri Mposhi ya TAZARA, ambayo iko kama kilomita mbili nje. Ukimwambia dereva wa taksi "stesheni" peke yake atakuchagulia yeye. Sema "TAZARA".

Tiketi ikiwa mkononi, isome ukiwa bado dirishani: jina lako, tarehe, treni, namba ya behewa, namba ya kitanda, na kituo cha kushuka. Kosa likigunduliwa dirishani ni la karani, likigunduliwa ndani ya treni ni lako. Itunze hadi utoke nje ya geti la Dar, maana wanaiangalia tena.

Saa na pesa

Lubumbashi na Zambia ni saa ileile. Tanzania iko mbele saa moja, na saa inabadilika mpakani. Jambo la pili linawaponza watu wetu waliozoea kuhesabu saa kwa Kifaransa: Mtanzania akikuambia treni inaondoka saa kumi jioni, anamaanisha 16:00. Saa nne asubuhi ni 10:00. Wakati wa kurudi, kosa hilo linaweza kukuacha Dar siku kadhaa.

Maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wanapanda ndani ya treni mpakani, kwa hiyo usihangaike kushuka. Wanaopanda pamoja nao ni wabadilishaji wa pesa. Badilisha kwacha zilizobaki tu, pamoja na kiasi cha kula hadi Dar. Patana bei kwa kusema utapata shilingi ngapi kwa jumla, hesabu za kwao kwanza, kisha ndipo utoe zako. Dola beba safi, zisizochanika, na za miaka ya karibuni. Noti za zamani Tanzania wanazikataa au wanazishusha bei.

Chakula, maji, baridi

Treni ina wagoni ya chakula, wali na kuku au nyama, na bei si mbaya, lakini kadiri treni inavyochelewa ndivyo sufuria zinavyokauka. Beba maji lita tisa kwa mtu mmoja, tatu kwa siku, na bidoni ya lita tano ya kunawia, maana tangi la choo linaisha kabla ya safari. Bukari (ugali) haivumilii safari. Siku ya pili imechacha. Shikwange (mkate wa muhogo) inavumilia, na karanga, samaki mkavu na machungwa pia. Mayai ya kuchemsha yaliwe siku ya kwanza. Vituoni wamama wanauza viazi, ndizi, mahindi na, upande wa Kilombero, wali mzuri. Kuwa na noti ndogo, kwa sababu treni haitangoja chenji yako.

Mbeya na Makambako ni nyanda za juu. Juni na Julai usiku wake unauma, na aliyevaa kwa joto la Dar anatetemeka hadi asubuhi. Blanketi moja jepesi na koti. Beba pia betri ya akiba ya simu, kufuli dogo, na tochi. Usiku kwenye vituo funga dirisha, hata kama ni joto: mkono unaingia kutoka nje, simu inaondoka, na treni inaendelea.

Ukifika, na ukirudi na mzigo

Treni ya umeme unayoiona kwenye video, ile ya Dar kwenda Morogoro na Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024, ni reli nyingine yenye stesheni yake katikati ya mji. Stesheni ya TAZARA iko barabara ya Nyerere. Kutoka hapo bajaji au daladala inakufikisha Kariakoo.

Kwa bidhaa, treni ya abiria ni chaguo baya. Mzigo utapakiwa Dar, ushushwe Kapiri, upandishwe basi, ushushwe tena Kasumbalesa, na kila mara kuna mbebaji wa kulipa na katoni ya kuchanika. Changeni lori la pamoja kutoka Dar hadi Lubumbashi, kila mtu na orodha yake iliyosainiwa na picha za katoni zake, nawe urudi na begi la mkono. Tiketi ya kurudi inunue siku uliyofika, kabla ya kwenda Kariakoo, maana vitanda huisha mapema.