Flyway kwa timu ya watu watatu: inapotufaa na inapokera

Kama timu yenu ni ndogo na bado mnatumiana skripti za SQL (lugha ya hifadhidata) kwa WhatsApp, wekeni Flyway, zana inayoendesha mabadiliko ya hifadhidata kwa mpangilio. Sisi tuko watatu, tunatunza mfumo wa mikopo wa SACCOS. Kodi ya programu yetu ilikuwa kwenye Git, yaani mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, tangu mwanzo, lakini hifadhidata ilikuwa haina mwenyewe: seva ya majaribio ina safu ya namba ya simu, seva ya wateja haina, na ukiuliza nani aliiongeza, kila mtu anamtazama mwenzake.

Yenyewe haina mambo mengi. Kila badiliko linaandikwa kwenye faili la SQL lenye namba, kwa mfano V7__ongeza_simu.sql, na faili linakaa Git pamoja na kodi. Angalieni hiyo mistari miwili ya chini (__) baada ya namba. Ukiweka mmoja, kwa mipangilio ya kawaida faili linarukwa kimyakimya. Ukiendesha flyway migrate, inasoma jedwali lake la flyway_schema_history, inaona yaliyokwisha kupita, kisha inaendesha yaliyobaki kwa mpangilio.

Kilichonivutia hasa ni ukali wake. Kila faili linalopita huwekewa namba ya uhakiki (checksum) inayotokana na yaliyomo. Ukilihariri baadaye, hata kama umegusa neno moja tu kwenye maelezo, migrate inagoma. Mwanzoni inaudhi kweli, na ndipo watu hukimbilia flyway repair. Amri hiyo inasahihisha kumbukumbu za jedwali la historia tu. Majedwali yako inayaacha vilevile. Kwetu haiendeshwi mpaka wenzako wawe na habari. Umekosea? Andika faili jipya.

Sasa kero. Wawili mkiwa kwenye matawi tofauti ya Git (nakala za kazi zinazoendelea sambamba), kila mmoja akaandika V12 yake, Git itayaunganisha bila kelele kwa kuwa majina ya mafaili hayafanani. Flyway ndiyo itakayokataa, kwa kuona matoleo mawili yenye namba moja. Tukahamia tarehe na saa badala ya 12, 13, 14. Hapo nako kuna lingine: tawi lililochelewa linaleta faili lenye tarehe ya nyuma, na seva imeshapita hapo. Kuna mpangilio wa outOfOrder unaoruhusu hilo. Tumeuwasha kwenye kompyuta zetu tu. Kwa seva ya wateja, mwenye tawi anabadilisha tarehe ya faili lake kabla ya kuunganisha.

Mnaotumia hifadhidata ya MySQL, hapa msikilize vizuri. Hifadhidata ya PostgreSQL inaweza kuziweka CREATE na ALTER (amri za kuunda na kubadili majedwali) ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri linalopita lote au lisipite kabisa, kwa hiyo faili likifeli katikati, kwa kawaida yote yanarudi kama yalivyokuwa. MySQL inakamilisha kila ALTER papo hapo. Mstari wa tatu ukifeli, miwili ya kwanza imeshaingia, na unabaki kusafisha kwa mkono. Kwa MySQL, faili moja liwe na ALTER moja, basi.

Mfumo wenu tayari una data? Kwa PostgreSQL, toeni muundo kwa pg_dump --schema-only, uwe V1, halafu endesheni flyway baseline kwenye seva ya wateja ili Flyway ijue ianzie wapi. Amri ya clean, inayofuta kila kitu, imezimwa yenyewe kuanzia toleo la 9. Iacheni hivyohivyo.

Toleo la bure linatutosha. Undo, amri ya kutengua badiliko, iko kwenye toleo la kulipia na wala siitamani: ukishafuta safu, undo inaweza kuirudisha safu, lakini zile namba za simu za wanachama hairudishi. Kazi hiyo ni ya bakapu, nasi tunachukua moja kabla ya kila migrate. Anayeuza mfumo mmoja kwa wateja wa Oracle, MySQL na PostgreSQL aitazame Liquibase, zana nyingine ya kazi hiihii, maana pale unaweza kueleza badiliko kwa miundo ya maandishi ya XML au YAML na yenyewe ikaandika SQL ya kila hifadhidata. Sisi SQL tunaijua, na XML hatuna hamu nayo.