Tahadhari: Muuzaji anayezivika diski za michezo ya video ya watu wazima majalada ya watoto

Ndugu zangu mnaonunua michezo ya video iliyokwisha kutumika, jihadharini na muuzaji anayetangaza mtandaoni kwa picha za makasha yaliyopangwa juu ya kitambaa cheupe, kila moja limefungwa nailoni kana kwamba limetoka kiwandani jana. Mtu huyu hukusanya diski za watu wazima zisizo na makasha, akazichapishia majalada ya kitoto, kisha akawauzia wanaotafuta zawadi. Mimi ni mmoja wao, na nina hasira ambayo bado haijapoa. Zawadi ile nilimnunulia mpwa wangu, ambaye bado ni mtoto.

Jalada aliloniletea lilikuwa na sungura wawili wenye vichwa vikubwa kuliko viwiliwili na macho yaliyochukua nusu ya uso, wakimtazama mnunuzi huku wanatabasamu. Nyuma yao palikuwa na anga la samawati lisilo na wingu, na jina la mchezo liliandikwa kwa herufi nono za njano, zimevimba kama maputo. Chini kushoto palikuwa na alama ya kijani yenye tarakimu 7. Muuzaji aliigusa alama ile kwa ukucha wa kidole gumba akasema, "Kaka, hii ni ya miaka saba, lakini hata wa sita anaicheza bila shida." Nilipomuuliza kama hamna mapigano ndani yake, alicheka. "Sungura watapigana na nani?"

Wapo walioniambia kwamba ningemlazimisha afungue nailoni palepale. Sikubaliani nao, kwa maana jalada ndiyo kauli ya kwanza ya mtengenezaji kwa mnunuzi, na watengenezaji wenyewe huipima kauli hiyo kwa makini. Mchezo wa watu wazima hujitambulisha kwa giza, moshi, mtu mmoja mwenye silaha aliyegeuza uso pembeni, na herufi nyembamba za rangi ya chuma. Wa watoto hujitambulisha kwa mwanga, maumbo ya mviringo na nyuso zinazokukaribisha. Mtazameni Kirby, kile kiumbe cha mviringo katika michezo ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ambaye kwenye majalada kadhaa ya Japani anatabasamu, lakini mchezo uleule ulipouzwa Marekani alikunjwa nyusi ili wavulana wakubwa wasimwone kuwa wa watoto wadogo. Ikiwa nyusi peke yake zinaweza kubadilisha mnunuzi anayelengwa, sioni kwa nini nilaumiwe kwa kuwaamini sungura wawili wanaocheka.

Zaidi ya picha, kuna alama za umri. Mfumo wa PEGI, unaotumika Ulaya tangu 2003, huweka 3 na 7 katika kijani, 12 na 16 katika rangi ya chungwa, na 18 katika nyekundu, hivyo hata asiyesoma maandishi huelewa kwa rangi. Mwaka 2001 ulitoka Conker's Bad Fur Day, mchezo wa kindi mwenye sura ya kupendeza lakini uliojaa matusi na damu, na kasha lake la Marekani lilibeba alama ya M, yaani kuanzia miaka 17. Watengenezaji wake walichora mnyama wa kuvutia, lakini hawakuficha mchezo ni wa nani. Huyu muuzaji wetu alimchora mnyama, kisha akaghushi na alama yenyewe!

Mtoto alichana nailoni mbele ya bibi yake na wageni wote. Diski ilikuwa nyeusi, imechapishwa fuvu na tarakimu 18, lakini kabla sijaifikia ilikuwa imekwisha kumezwa na mashine, na picha ya kwanza kwenye televisheni ilikuwa ya mtu anayekatwa koo, sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Bibi aliniangalia mimi, hakuiangalia televisheni. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwamba jalada ni pambo tu, kisha akanifungia mawasiliano.

Mtu wa namna hii hastahili onyo la mdomo. Uingereza, tangu Julai 2012, muuzaji anayempa mtoto asiyefikisha umri mchezo wenye alama ya PEGI ya 12, 16 au 18 anatenda kosa la jinai. Basi anayeibandua 18 kwa makusudi na kubandika 7 apewe adhabu iliyo kubwa zaidi, anyang'anywe mashine yake ya kuchapia, arudishe fedha za kila aliyemlaghai, na afungiwe kuuza chochote kinachoguswa na mtoto.

Nilipolichunguza jalada baadaye niliona kwamba kingo za ile alama ya kijani zilikuwa na ukungu, na kwamba mbele palikuwa na alama ya PEGI ilhali nyuma palikuwa na herufi E ya ESRB, ambao ni mfumo wa Marekani wa alama za umri. Kwa michezo ya mashine ya PlayStation 4, kama huu wangu, mgongo wa kasha na diski hubeba namba inayoanza na CUSA, lakini namba za kasha langu na diski yangu hazikulingana. Picha za jalada na za diski ninazo, na yeyote anayeshuku alichouziwa aniombe nimtumie alinganishe, kwa sababu muuzaji huyu amekwisha kubadilisha jina la akaunti yake lakini kitambaa cheupe ni kilekile.