Changarawe na chakula cha kuku anayeishi ndani ya nyumba: kipi ununue, kipi uache

Kuku hana meno. Punje anayoimeza hukaa kwanza kwenye gole, yaani kifuko kilicho chini ya shingo, ikalainika, kisha hushuka hadi kwenye firigisi, na huko husagwa kwa msaada wa vijiwe alivyokwisha kuvimeza. Kuku wa nje hujiokotea vijiwe hivyo mwenyewe. Wako, anayeshinda kwenye vigae na zulia, ataokota anachokikuta: skrubu, pini, kipande cha rangi kilichobanduka ukutani. Akihitaji changarawe basi, ni lazima mtu amletee.

Lakini usianze na changarawe. Anza na chakula, maana chakula ndicho kinachoamua kama changarawe inahitajika. Kuku anayekula chakula kamili cha kiwandani peke yake anaweza kukaa bila kijiwe hata kimoja, kwa kuwa chakula hicho kimeshasagwa na hulainika mara kinapolowa. Ukianza kumpa punje nzima, majani au wadudu, changarawe inakuwa ya lazima.

Chakula, kuanzia kinachofaa zaidi

Nafasi ya kwanza naipa chakula kamili cha kuku wa mayai kilichotengenezwa kwa vidonge au chenga. Tafuta chenye protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4.5. Kila kidonge kina virutubisho vyote, kwa hiyo kuku hawezi kuchambua akala anachokipenda na kuacha kingine. Pia hakitimui vumbi sebuleni. Na kuna jambo ambalo wafugaji wa ndani wengi hulisahau: vitamini D3. Kuku wa nje huipata kwa kuota jua, lakini kioo cha dirisha huzuia ile miale inayoitengeneza mwilini. Kuku anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu. Kwa hiyo soma lebo. Isipotaja D3, rudisha mfuko rafuni.

Cha pili ni chakula hichohicho kikiwa unga. Lishe yake ni ileile, shida ni vumbi, na kuku hudonoa chembe kubwa akauacha unga laini, ambamo vitamini nyingi zimo. Ukikosa vidonge, ulowanishe unga kwa maji kidogo, na yanayobaki uyatupe siku hiyohiyo kabla hayajachacha.

Cha tatu ni chakula cha kuku wanaokua, chenye kalsiamu ya asilimia 1 hivi. Nimekiweka hapa kwa sababu wengi wanaofuga ndani wana tetea anayetaga. Kama wako ni jogoo, au mtetea ambaye hajaanza kutaga, kipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita: kalsiamu nyingi kwa kuku asiyetaga huumiza figo. Kifaranga naye ana chakula chake, chenye protini asilimia 18 hadi 20.

Cha nne ni mchanganyiko wa nafaka, ule wenye mfuko wa kupendeza na picha ya kuku mnene. Kuku huupenda kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Protini ni kidogo, kalsiamu karibu hakuna. Uwe kitafunio, usizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Cha mwisho ni chakula cha kuku wa nyama. Kimetengenezwa ili ndege anenepe ndani ya wiki chache, na wewe unataka wako aishi miaka. Uzito huo utabebwa na miguu na moyo wake.

Mfuko wa ukubwa gani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kuku mkubwa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku, yaani kilo tatu na nusu hivi kwa mwezi. Wa aina ndogo hula pungufu zaidi. Gunia la kilo 50 litakukalia zaidi ya mwaka, na muda huo vitamini hufifia, mafuta huchacha na ukungu huingia. Bei ya kilo moja kwenye gunia ni nafuu, ila utamlisha mabaki. Nunua kilo tano, au gawaneni gunia na mfugaji mwingine. Tazama tarehe ya kutengenezwa, hifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na chakula chenye harufu ya uvundo kitupe chote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuanika juani.

Changarawe

Inayoongoza ni ya mawe magumu yaliyopondwa, kama graniti au gumegume, iliyochekechwa kwa saizi: milimita 1 hadi 2 kwa vifaranga, 3 hadi 5 kwa kuku wakubwa. Haiozi, na vijiwe hukaa muda mrefu kwenye firigisi, kwa hiyo pakiti ndogo yatosha.

Inayofuata ni changarawe ya mtoni uliyoichekecha, ukaiosha na kuikausha mwenyewe. Inafaa sana, mradi haikutoka kando ya barabara wala chini ya kuta za zamani, ambako rangi huenda ina madini ya risasi.

Changarawe ya ndege wa kizimbani ni laini mno kwa kuku mkubwa, humpita tu. Mchanga wa pwani nao ni laini, tena una chumvi. Mchanga wa choo cha paka usiuguse kabisa: aina nyingi huvimba na kugandamana zikilowa.

Maganda ya chaza hupangwa rafu moja na changarawe, na watu huyanunua wakidhani yanasaga. Hayasagi, kwa sababu asidi ya tumboni huyayeyusha. Kazi yake ni kalsiamu. Mnunulie tetea anayetaga, uyaweke kwenye bakuli lake, au tumia maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa.

Changarawe pia iwe na bakuli lake, zito lisilopinduka, wala usiichanganye na chakula. Kuku hujua kiasi chake. Ambaye hajawahi kuiona mpe kijiko kimoja kimoja mwanzoni, maana anaweza kuifakamia.

Parachichi, chokoleti, maharage mabichi makavu na viazi vilivyogeuka kijani vikae mbali naye. Nyuzi za zulia pia, kwani hujisokota kwenye gole. Asubuhi, kabla hajala, mpapase gole: linapaswa kuwa tupu. Likiwa gumu na limejaa, usimwongezee changarawe ukitarajia itazibua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.