Tathmini ya kipimo cha ugumu wa ini kwa mtu aliyekunywa pombe miaka mingi

Nilifanyiwa elastografia, kipimo ambacho wengi wanakijua kwa jina la FibroScan, baada ya ultrasaundi ya kawaida kuonyesha mafuta kwenye ini langu na daktari kutaka kujua kama pombe ilikuwa imeanza kuacha makovu. Swali hilo ultrasaundi hailijibu vizuri, kwani kovu changa halionekani kwenye picha yake, na mwili wenyewe hukaa kimya mpaka ini liwe limeharibika sana.

Kipimo ni chepesi na hakiumi. Unakaa saa 3 bila kula, unalala chali mkono wa kulia ukiwa nyuma ya kichwa, kisha kifaa kinawekwa kati ya mbavu na kupiga mitikisiko midogo angalau mara 10. Baada ya dakika chache unapewa namba mbili, moja ya mafuta na nyingine ya ugumu, inayosomwa kwa kilopaskali.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka pale. Ini linapovunja pombe huzalisha asetaldehaidi, sumu inayojeruhi seli zake. Mafuta hurundikana, uvimbe hufuata, na seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kuhifadhi vitamini A hubadilika na kuanza kutoa nyuzi za kolajeni, yaani kovu lenyewe, ambazo zikizidi hulikakamaza ini hadi kufikia sirosisi, hali ya ini kujaa makovu. Mafuta huweza kuondoka ndani ya wiki chache za kuacha pombe, lakini kovu hupungua polepole mno, na likishakomaa huenda lisiondoke lote.

Kilichonisikitisha ni huduma, si mashine. Hakuna aliyeniuliza nilikunywa lini mara ya mwisho, ilhali uvimbe wa pombe ya karibuni hupandisha ugumu hata pale makovu yanapokuwa machache. Niliondoka na kilopaskali 13, namba ya juu, nikiamini kwamba nimeshachelewa, na usiku ule sikulala. Niliporudia kipimo kwingine, baada ya miezi 3 bila pombe, namba ilikuwa 8.

Ninakipendekeza kwa dhati kwa yeyote anayekunywa sana, hata asiyejisikia mgonjwa, ila amweleze mpimaji ukweli kuhusu unywaji wake kabla hajalala kitandani, na aombe tarehe ya kinywaji cha mwisho iandikwe kando ya majibu.