Shimizi la kitani: uzito ulionifaa baada ya kushona matatu

Huu ni mwaka wa nne wikiendi zangu za kiangazi zinaishia uwanjani, nikifua nguo kwa mkono nikiwa nimevaa mavazi ya miaka ya 1770. Naishi Pennsylvania, na kikundi chetu huigiza maisha ya watu waliofuatana na jeshi la George Washington katika vita vya uhuru wa Marekani: wake wa askari, wauguzi, wapishi, wafuaji. Mimi ni mfuaji. Nguo ya kwanza mwilini kwa mwanamke wa wakati ule, tajiri au maskini, ilikuwa shimizi, refu kupita magoti, mikono ikiishia karibu na kiwiko. Juu yake ndipo zilipokuja koseti (vazi gumu la kubana kiwiliwili), sketi na gauni. Chupi wanawake wengi hawakuwa nazo. Shimizi ndilo lililobeba jasho lote na ndilo lililofuliwa mara nyingi kuliko nguo zote, kwa hiyo ukikosea kitambaa chake utateseka hata kama gauni la juu umelishona vizuri namna gani.

Nimeshona matatu, kila moja kwa kitani cha uzito wake. Maduka ya hapa hutaja uzito kwa aunsi katika yadi ya mraba, ya Ulaya kwa gramu katika mita ya mraba. Zidisha aunsi kwa 34 utapata gramu, karibu sawasawa. Cha kwanza kilikuwa aunsi 2.8, yaani gramu 95. Cha pili aunsi 5.3, gramu 180. Cha tatu aunsi 3.5, gramu 119, na ndicho ninachokisifu.

Cha gramu 95 nilikichagua kwa hofu ya joto. Kila Juni kuna maigizo ya mapigano ya Monmouth kule New Jersey, yaliyopiganwa tarehe 28 Juni 1778, siku ya jua kali hata baadhi ya askari wakafa kwa joto na si kwa risasi. Kitambaa kilipofika nilikipenda papo hapo, chepesi kama mtandio wa Idi. Asubuhi nikawa na raha zangu. Ilipofika saa nne nimeinama kwenye pipa, maji ya sabuni yamenirukia kifuani na mikononi, na kitani kimenigandama mwilini. Kila kilichokuwa juu ya koseti kikaonekana. Mimi mtoto wa Mombasa, nimelelewa na leso na buibui. Nikajifunga kitambaa kizito cha mabegani hadi jioni, nikapata joto lile lile nililokuwa nalikimbia.

Mara ya tatu kulivaa, likapasuka kwapani wakati ninanyanyua ndoo. Uzi wa mshono ulibaki mzima, nguo yenyewe ndiyo iliyoachia. Kitani cha uzito huo kina kazi yake: kofia, kitambaa cha shingo, marinda ya kupamba mikono ya bibi anayeketi sebuleni. Kwa shimizi la mtu wa kazi, hapana.

Nikaona bora niende upande wa pili. Kitani cha gramu 180 ni kizuri, kinadumu, na kwa sketi au koti la ndani ningekinunua tena kesho. Kwa shimizi shida yake inaanzia kwenye sindano. Mkono wa shimizi unakusanywa marinda madogo madogo kisha unaingizwa kwenye ukanda mwembamba wa kiwikoni. Kwa kitani hiki marinda yalijaa, ukanda ukawa mnene kama kamba ya ndoo na haukukubali kulala. Halafu koseti. Koseti inabana, na chochote kilichokunjana chini yake kinaingia mwilini. Nilipovua jioni, nilipitisha kidole kiunoni nikakuta mabonde, kila kunjo la shimizi limeacha alama yake, na mawili yalikuwa yameanza kuchubuka. Nikalifua, nikalianika, alfajiri likawa bado bichi kwenye pindo na makwapani. Mwenye shimizi moja na siku mbili za kambi hawezi kungoja hivyo.

Hiki cha gramu 119 ndicho kilichokaa sawa. Kikilowa hakionyeshi mwili. Kikianikwa juani saa za asubuhi, adhuhuri unakivaa. Marinda yake yanajipanga. Nimekivaa misimu miwili, nimekifua kwa maji ya moto zaidi ya mara ishirini, na kila kikifuliwa kinakuwa laini zaidi bila kulegea. Kwenye koseti nakisahau kabisa.

Lakini msinunue kwa kuangalia uzito peke yake. Kabla ya hiki nilipelekewa vipande viwili vya sampuli, vyote vimeandikwa aunsi 3.5, na vilikuwa mbalimbali kama usiku na mchana. Nilikata dirisha la sentimita moja kwenye karatasi ngumu, nikaliweka juu ya kitambaa, nikahesabu nyuzi kwa ncha ya sindano. Kimoja kilikuwa na nyuzi 19 upande mmoja na 17 upande wa pili. Kingine 14 kwa 13, nyuzi nene zilizoachana. Mizani inasema ni sawa, lakini kile cha nyuzi chache ukikivuta pembeni kinafunguka kama chujio, na mshono juu yake utateleza. Kitani kizuri cha karne ya 18 kilifumwa kwa uzi mwembamba, uliosokotwa kwa mkono, na kimeshonana kuliko vingi vinavyouzwa leo. Kwa hiyo katika uzito ule ule, chagua kilichosongamana. Kama duka halikubali kutuma sampuli, mimi sinunui kwake.

Nilipolipanga shimizi mezani mara ya kwanza nilisimama nikaduwaa, kwa sababu nilikuwa ninalijua. Babu yangu alishona kanzu Kibokoni, Mombasa, na shimizi la Kiingereza la wakati ule limekatwa kwa akili ile ile: badani (kipande cha kiwiliwili) moja ndefu inayokunjwa begani, taharizi za pembetatu kando za kupanua chini, mikono ya mstatili, na kikwapa cha mraba kinachoingizwa kwa pembe ili mkono unyanyuke bila kuvuta. Tofauti iliyonifurahisha ni taharizi. Wao walikata pembetatu kutoka juu ya badani, pale mwili unapotaka wembamba, wakaigeuza na kuishona chini, pale panapotaka upana. Hakuna kipande kilichotupwa. Kwa anayejua kukata kanzu, hii ni kazi ya siku moja ya kukata na wiki mbili za kushona kwa mkono. Mishono yote nimeikunja na kuilaza upande mmoja ili nyuzi zisitoke, na hapo pia uzito unahukumu: kwenye ncha ya kikwapa tabaka za kitambaa zinapandana, na kwa kitani kizito sindano inagoma.

Kuna jambo jingine kuhusu uzito ambalo kwangu mimi mwanamke mweusi si la starehe tu. Mfuaji wangu ninamwigiza kama mwanamke huru wa Philadelphia, anayelipwa kwa kazi yake, na kitani cheupe cha wastani kinamstahili. Mwaka jana niliombwa niigize mwanamke mtumwa kutoka Virginia. Katika magazeti ya wakati ule, matangazo ya kuwasaka waliotoroka yanataja nguo walizovaa, na neno moja linarudi tena na tena: osnaburg, kitambaa kigumu kilichopewa jina la mji wa Osnabrück huko Ujerumani, kilichofumwa kwa kitani kisichosafishwa vizuri au kwa nyuzi za mmea wa hemp, na kununuliwa kwa marobota ili kuwavisha watumwa. Nikatafuta kitani kikavu cha rangi ya vumbi, gramu zaidi ya 200, nikakishona shimizi jingine, mbali na yale matatu. Siku ya kwanza kilinikwaruza shingoni na chini ya matiti mpaka nikatokwa na vipele. Nililivaa siku mbili tu. Wao walivaa mwaka mzima, wakalima nalo, wakanyonyesha nalo. Watu waliokuja kutazama niliwapa kipande wakishike, kisha nikawapa cha gramu 119 wakilinganishe, na mama mmoja alikishikilia kile kigumu muda mrefu bila kusema neno. Kama mnaigiza maisha hayo, tafadhali msikwepe uzito huo kwa sababu unawasha.

Tahadhari kwa mnunuzi: kinachouzwa leo madukani kwa jina la osnaburg mara nyingi ni pamba. Soma maelezo. Na pamba kwa shimizi la miaka ya 1770 siyo chaguo langu. Utawala wake ulikuja baadaye, viwanda vya New England vilipoanza kufuma shuka zile ambazo sisi watu wa pwani tuliziita merikani.

Sasa duka. Sitalitaja, lakini nina malalamiko mawili. Kitani cha gramu 119 nilikilipia dola 11 kwa yadi, bei niliyoiona ya haki, ila tangazo lilisema kimeshafuliwa tayari. Nilipima mita 3 mezani, nikakifua kwa maji ya moto na kukikausha, kikarudi hadi mita 2 na sentimita 79. Kama ningekata kwanza, shimizi lingenifika juu ya magoti. Niliwaandikia, wakajibu baada ya wiki tatu kwamba kitani ndivyo kilivyo. Ni kweli kitani hurudi, lakini basi wasiandike vinginevyo. La pili, waliniuzia robota la pili likiwa limelainishwa kiwandani bila kuniuliza. Mkononi linavutia, lakini baada ya kufuliwa mara sita lilianza kutoa manyoya. Sasa naagiza kile kisicholainishwa, kigumu kidogo siku ya kwanza, nakifua mara mbili kwa maji ya moto, nakipiga pasi kikiwa na unyevu, ndipo nashika mkasi.

Kwa mtu mwenye kimo changu, sentimita 165, mita 3 za upana wa sentimita 145 zinatosha shimizi moja na kofia, hata baada ya kurudi.

Hivi sasa nashona la pili la uzito huo huo, ili moja likianikwa nibaki na jingine. Nimebakiza pindo, na alama ya kifuani: herufi zangu mbili na namba 2, kwa uzi mwekundu na mshono wa msalaba, kama walivyotia alama nguo zao ili mfuaji ajue arudishe kwa nani.