The Green Inferno: damu iko vizuri, sisimizi ndio wameharibu

Filamu hii ya kutisha ya mwongozaji Eli Roth ilionyeshwa kwanza Toronto mwaka 2013, ikakwama, ikaingia kumbi za Marekani Septemba 2015. Ina urefu wa dakika 100 hivi. Nimeitazama mara mbili, na ninayoyaandika yanafichua hadithi, kwa hiyo ambaye hajaiona aishie hapa.

Wanafunzi wa New York wanakwenda Peru kuzuia msitu usikatwe. Wanajifunga minyororo kwenye miti na matingatinga huku simu zao zikirusha kila kitu mubashara mtandaoni. Wakati wa kurudi ndege inaanguka, na waliobaki hai wanakamatwa na watu wa msituni wanaokula watu. Mpaka hapo karibu nusu ya filamu imekwisha, na aliyekuja kwa ajili ya damu atachoka kusubiri. Mimi nasema vumilia, hasa kwa sababu ya kufuli. Justine, ambaye ndiye stelingi, anapewa kufuli bovu lisilofunga, anawekewa bunduki kichwani, halafu anagundua kiongozi wao, Alejandro, alimtoa chambo kwa kuwa baba yake anafanya kazi Umoja wa Mataifa. Hakuna sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo.

Kuuawa kwa Jonah, mmoja wa wanafunzi hao, ndiyo roho ya filamu. Macho, ulimi, mikono na miguu, kisha kichwa, na yote mchana kweupe. Wengi hujificha kwenye giza na kukatakata picha haraka ili kasoro isionekane, lakini hapa kamera inatulia. Inaweza kutulia kwa sababu kazi ya mekapu ni ya KNB, kampuni ya Greg Nicotero na Howard Berger. Kwa kawaida pigo la aina hii hufanyika hivi: mkono wa kweli wa mwigizaji unafichwa, wa silikoni unaungwa begani, na mpira mwembamba unasukuma damu ya sharubati na rangi. Kinachoharibu ni kiungio. Rangi ya ngozi ikitofautiana kidogo tu, jicho la mtazamaji linakamata. Hapa sikuona kiungio.

Halafu wanakuja sisimizi. Kijana amefungwa kwenye nguzo, wanamtambaa mwili mzima, na ni wa kompyuta waziwazi: hawana uzito wala kivuli kinachoshika ngozi. Mtu aliyezoeshwa nyama inayoonekana ya kweli anashtuka kutoka ndani ya hadithi. Roth anaongeza kosa jingine kwa kuingiza utani wa kuharisha ndani ya kizimba, na hofu iliyojengwa kwa shida inavuja yote.

Mandhari hayana mfano. Walipiga picha Callanayacu, kijiji cha Peru, na wanakijiji wenyewe wanaigiza. Miili iliyopakwa rangi nyekundu ikitokea kwenye kijani kile inatisha kabla hata kisu hakijaonekana.

Lakini usiichukue kama habari za Amazoni. Watu wa kabila la Wari' wa Rondônia, Brazili, mpaka miaka ya 1960 walikula maiti za watu wao kama sehemu ya maombolezo, na waliokula walikuwa wakwe na mashemeji, kwani ndugu wa karibu hawakugusa. Filamu inafuta maana yote ya namna hiyo na kubakiza njaa tu. Hilo linaniudhi kuliko sisimizi, kwa sababu walioharibiwa jina ni watu walio hai.

Kama huwezi kutazama jicho likitolewa, au tishio la ukeketaji, usianze kabisa. Ukiimaliza, usizime majina yanapoanza kupita: dada yake Alejandro anampigia Justine simu kuhusu picha ya setilaiti, na ule uongo ambao Justine ametoka kuusema ili kuwalinda wale watu wa msituni unaingia hatarini.