Barua za Basil Bunting: nimeletewa kitabu kilichokatwa kwa wembe

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Mwezi uliopita, kama sikosei, niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni kitabu cha barua za mshairi Basil Bunting, kile kilichotoka 2022. Tangazo lilisema kimetumika ila kiko katika hali nzuri sana. Naishi Newcastle, si mbali na Scotswood alikozaliwa mwaka 1900, na hasa nilikuwa naitaka barua moja: ya Desemba 1938, aliyompelekea mshairi Mmarekani Ezra Pound. Pound alikuwa kama mlezi wake katika ushairi. Lakini alipomwandikia Louis Zukofsky, rafiki yao Myahudi, maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, Bunting hakumstahi. Alimpa ukweli wake.

Nafungua pale, hakuna kitu. Kurasa zimekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono. Kimebaki kipande chembamba mfano wa ukucha, chenye herufi mbili tatu za mwanzo wa mistari. Mtu alituliza mkono, akakata.

Nikawaandikia. Wa huduma kwa wateja akanijibu kwamba zilizokosekana ni barua chache tu, nisome zilizobaki. Chache! Bunting mwenyewe hakupenda barua zake zitunzwe. Hizi tunazo kwa sababu wenzake waliozipokea hawakuzitupa. Kila moja imeponea chupuchupu, halafu mtu ananiambia chache!

Niliapa kuwaonya wote msinunue pale kamwe. Ila usiku niliendelea kusoma, nikamkumbuka Bunting alipokuwa akiishi Italia, alivyokiokota Genoa kitabu chakavu cha Kifaransa, tafsiri ya sehemu ya Shahnameh, utenzi mrefu wa Kiajemi wa mshairi Firdausi, hakina mwisho. Alishindwa kuvumilia bila kujua kisa kinaishaje, akajifunza Kiajemi. Kiajemi hichohicho ndicho kilichompeleka Iran wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Moyo ukalainika, nikakaribia kuwapa nyota tatu.

Hapana. Yeye alikiona kwa macho yake kuwa ni kibovu. Mimi nimelipia kizima. Nyota moja.

Wamenirudishia nusu ya pesa, wakataka na kitabu. Kitabu sirudishi, maana najua wiki ijayo kitakuwa kwenye tangazo tena, hali nzuri sana.